Shemeji Alituazima Umri Wake

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usijali, hujachelewa kunicheka. Waliotangulia wamenicheka wiki kadhaa sasa na bado nina akiba ya kuwagawia.

Mimi ni Thoa, niliyekuwa nauza supu ya mikunga, wale samaki kama nyoka, mjini Vinh. Mume wangu Khiem alitangulia Saigon kutafuta maisha. Kwa miaka miwili nilimwona Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, nikamsubiri Tet nyingine. Mwaka huu akapiga simu: uza nyumba uliyoachiwa na wazazi wako, njoo tununue fleti, tuishi kama mtu na mkewe. Nikauza. Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi nilivyoitafuta fleti hiyo. Leo nawasimulia jinsi nilivyoipata, ikiwa huko kunaitwa kupata.

Nilizunguka, jamani. Saigon hainunuliwi kwa picha. Nilikwenda mtaa kwa mtaa siku za bamvua, mto unapopanda barabarani, nikachungulia majiko ya watu. Nilipoona friji imesimamishwa juu ya matofali, niliaga. Niliingia maghorofa alasiri ili nione jua la magharibi linavyoichoma sebule. Nilinusa lifti. Niliongea na walinzi, maana dalali hata choo atakwambia kina upepo mwanana.

Khiem hakuzunguka nami, kazi nyingi. Ila kila nikimpigia simu alikuwa na maswali mawili.

“Kuna kliniki ya wazazi karibu?”

“Ipo.”

“Na chekechea?”

Nina umri wa kuitwa bibi na sijawahi kuzaa. Siku ya kwanza aliponiuliza hivyo nililia pale pale kando ya barabara, kwa furaha. Nikasema, kumbe mume wangu hajakata tamaa na mimi. Nikazidisha bidii, nikaacha mitaa miwili mizuri kwa sababu tu chekechea ilikuwa mbali.

Mwisho nikaipata huko Thu Duc, pembeni mwa mji, ghorofa ya kumi na tatu iliyoandikwa kumi na mbili A, maana kumi na tatu kwetu hakuna anayeitaka hata kwenye lifti. Roshani inatazama mashariki. Jikoni kuna dirisha. Nyuma kuna kiroshani cha kufulia chenye upepo mzuri, na kukipima nilikipima kwa mikono yangu. Chekechea iko chini ya jengo, kliniki ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo mama mkwe, Mama Tuat, alipofunga safari kutoka Vinh na neno la mnajimu kwenye mkoba.

“Mwaka huu Khiem akinunua nyumba kwa jina lake, anazika mtu,” alisema.

“Basi tununue kwa jina langu, Mama. Mwaka wangu ni mwema, nimeuliza.”

“Wewe? Ukioa tazama mwaka wa mke, ukijenga tazama mwaka wa mume. Isitoshe wewe ni simbamarara. Nani anamkabidhi simbamarara mlango?”

Nilizaliwa mwaka wa simbamarara. Kwetu mwanamke wa mwaka huo huolewa kwa shida, harusini hakaribishwi chumba cha bibi harusi, na siku watu wanapohamia nyumba mpya hukaa nje mpaka shughuli iishe. Mama Tuat alinikumbusha hayo kila mwezi wa ndoa yangu.

Dawa ya mwaka mbaya inajulikana. Unaazima umri. Unamtafuta ndugu ambaye mwaka wake ni mwema, anasimama yeye kama mwenye nyumba, anaingia na moto, anawaambia wahenga na mizimu ya mahali kwamba hapa ni pake. Baadaye anakuuzia kwa maneno mbele ya kikombe cha chai, mnacheka, mnakula kuku. Kila mtu hufanya hivyo.

Ila watu wenye akili huazima umri tu. Sisi tuliazima na jina. Mama Tuat alisema mizimu haidanganywi nusu nusu, kama mwenye nyumba ni fulani basi na hati ziseme fulani. Khiem akasema mama amesema kweli. Nikakubali, kwa sababu niliogopa kuzika mtu, na mtu mwenyewe niliyeogopa kumzika ni Khiem.

Tuliyemwazima ni Luc, mdogo wake Khiem. Fundi viyoyozi, mpole, haoi, haongei. Mama yake humwita Gunia. Gunia, leta kiti. Gunia, lipa teksi. Na Luc huleta, na hulipa.

Basi siku ya kuhamia ikafika, na mimi nikakalishwa ukumbini, ghorofa ya chini, kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi. Luc alipita mbele yangu amebeba jiko la mkaa linalowaka, mama yake nyuma na chano cha mchele, chumvi na ubani. Mama Tuat hakunitazama. Khiem alikuwa anakuja na lori la vyombo, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nipigiwe simu saa njema ikiisha.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nikangoja.

Mlinzi, mzee mmoja wa kusini waliyezoea kumwita Sau, akaninywesha kahawa yake ya barafu na umbea wake.

“Dada unamsubiri nani?”

“Nasubiri nyumba yangu. Kumi na mbili A.”

“Kumi na mbili A? Ile ya Bwana Luc na mkewe?”

“Luc hana mke, mzee.”

“Mh. Basi lile tumbo limejipandia lifti lenyewe.” Akacheka mpaka akakohoa. “Amepanda alfajiri, kabla wewe hujafika. Mama wa watu amepewa ufagio mpya, afagie kwanza ndipo aingie, si unajua mjamzito hahamii hivi hivi. Binti mzuri, mpole. Wanandoa wanapendeza wale, kila nikiwaona wanatoka hapo kliniki namwambia jamaa, mshike mkono mkeo.”

Nilisimama. Hasira ilinipanda, lakini hasira ya kipumbavu, maana nilidhani nimeelewa. Nilidhani Gunia ameleta mwanamke wake wa siri kulala kwangu kabla mimi sijalala. Nikamwambia Sau anipandishe.

“Kadi unayo? Lifti haiendi bila kadi.”

“Kadi wanayo wao.”

Akapiga simu ya ndani. Sauti ya Mama Tuat ilitoka pale kama yuko nasi ukumbini.

“Mwambie angoje. Na asiguse ukuta.”

Sau akaniangalia kwa huruma, na hakuna kitu kinachoniudhi kama huruma ya mlinzi. Nikangoja mpaka kijana wa maji ya chupa alipoingia na kadi yake ya kazi, nikajipenyeza nyuma ya chupa zake nikapanda naye.

Mlango ulikuwa wazi. Jiko la Luc limewekwa nje kidogo ya kizingiti ili kila anayeingia aruke moto. Ndani harufu ya ubani na kuku wa kuchemsha. Luc amekaa sakafuni mbele ya birika, na karibu na roshani amesimama binti na ufagio mpya mkononi, tumbo lake la mwezi wa saba au wa nane.

“Usiruke,” Mama Tuat alisema. “Simbamarara asiruke huo moto.”

“Sijaruka, niko nje. Luc, ndugu yangu, unaleta mwanamke kwangu hata salamu hunipi?”

Luc akatazama miguu yake.

Yule binti ndiye aliyeacha ufagio, akaja mpaka mlangoni ananyoosha mikono yote miwili. “Wifi Thoa? Ni wewe? Jamani, kila siku nauliza utakuja lini nikushukuru.”

“Nhu, rudi ndani,” Mama Tuat alisema.

“Mama, niache nimshukuru. Wifi, nimeambiwa ulivyozunguka na maji hayo ya mitaani. Mimi nilisema tu nataka kliniki iwe karibu na chekechea iwe chini. Nikaona aibu, nikasema wifi atadhani nina makuu. Na hukulalamika hata mara moja.”

“Nani alikwambia habari zangu?”

“Kaka yako.”

“Kaka yangu yupi, binti?”

“Khiem.” Akaweka kiganja juu ya tumbo. “Baba wa huyu.”

Nitawaambia ukweli, kwanza sikusikia uchungu. Nilisikia aibu. Nilikumbuka nilivyolia kando ya barabara kwa furaha, nikaona aibu kama vile mtaa mzima wa Saigon ulikuwa unajua ninachokililia. Uchungu ulikuja nyuma yake, na ulipokuja nilishika fremu ya mlango, ukuta uliokatazwa, nikaushika kwa mikono miwili.

“Sasa umejua,” Mama Tuat alisema. “Shuka chini.”

“Ulikuwa unajua, Mama?”

“Ni mtoto wa kiume. Wewe miaka yote hii umenizalia nini? Supu.”

Nhu alikuwa anatutazama kwa zamu, tabasamu lake bado halijaondoka, halijui liende wapi. Nikamgeukia. Ningeweza kusema taratibu. Sikutaka.

“Mimi si wifi yako. Mimi ni mke wake wa ndoa. Na hapo uliposimama panaitwa nyumba ya mama yangu, niliyoiuza ili wewe ujifungue karibu na kliniki.”

Alikaa chini polepole, mkono ukutani. Nilifurahi kumwona anakaa chini. Nasema kweli, nilifurahi.

Lifti ikafunguka nyuma yangu. Khiem alitoka amekumbatia kitanda cha mtoto, kipya, bado kina nailoni. Aliponiona hakukiweka chini. Alibaki nacho kifuani kama mtu anayejikinga.

“Thoa. Nilitaka kukueleza taratibu.”

“Miaka miwili si taratibu?”

“Usipige kelele, majirani. Tutatafuta pa kukuweka.”

“Kuniweka? Mimi kabati?”

“Unaona sasa, huwezi kuongea kama watu wazima.” Halafu, wasomaji wangu, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyehesabu karata zote. “Na hata ukienda kushtaki, utamshtaki nani? Nyumba si yangu. Sijawahi kuwa na nyumba. Ni ya Luc.”

Hapo ndipo nilipoelewa mwaka mbaya wa Khiem ulikuwa mbaya kwa nani.

“Luc,” Mama Tuat akaita, “saa njema inaisha. Sema maneno, muuzie kaka yako, mpe kikombe. Haya, Gunia.”

Luc alikuwa na kikombe mkononi, chai inafuka. Nikaona nafasi yangu ni hiyo tu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza neno.

“Shemeji,” nikamwambia, “nyumba hii unajua imetoka wapi.”

“Najua, shemeji.”

“Basi sema maneno. Lakini niuzie mimi.”

Mkaa ulipasuka cheche mlangoni. Luc akamtazama mama yake.

“Mama, mnajimu alisema mwaka huu mwenye nyumba ni nani?”

“Wewe. Kwa kuazima.”

“Na mizimu asubuhi hii imeambiwa ni nani?”

“Wewe. Acha upuuzi, mpe kaka yako chai.”

Luc akanyanyua kikombe akanywa. Alikunywa chote, bila haraka, akakipindua kwenye sinia.

“Basi ni mimi,” akasema.

Khiem alicheka. “Wewe mjinga, tumeazima umri tu kwako.”

“Umri, na jina. Na uso.” Sikuwahi kumsikia Luc akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. “Nani amempeleka Nhu kliniki kila mwezi ili kaka asionekane? Nani ameandikishwa pale kama mume? Daktari ananijua mimi. Mlinzi ananijua mimi. Hapa jengoni nani anakujua wewe? Tangu utotoni mnaniazima, na hakuna mlichowahi kurudisha. Mama, toka, tafadhali.”

“Unanifukuza mimi? Mimi niliyekuzaa?”

“Ndiyo, Mama.”

Alimshika mkono mama yake kwa adabu kabisa, kama anavyomvusha barabara, akamvusha moto, akamweka koridoni pamoja nasi. Kisha akamgeukia Nhu pale chini.

“Wewe unabaki au unakwenda naye?”

Nhu alimtazama Khiem. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka.

“Kitanda akiache hapo mlangoni,” akasema.

Luc akakipokea kitanda kutoka kwa kaka yake, akakiingiza ndani, akafunga mlango.

Basi mtufikirie sisi watatu koridoni. Mama Tuat bila viatu, Khiem mikono mitupu, mimi na jiko. Ningecheka kama nisingekuwa mmoja wao. Nyumba ile niliilipia na kuichagua mimi, lakini sikuwa nimeingia hata mara moja tangu iitwe yetu.

Khiem akanisogelea. “Mke wangu,” akasema. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nifike mjini. “Mke wangu, tusigombane. Twende nyumbani tukapange.”

“Nyumbani wapi, Khiem?”

Akatazama lifti.

Mlango ukafunguka tena, nusu. Luc.

“Shemeji,” akasema. “Wewe ingia. Wewe peke yako.”

Nilijiambia kumbe haki ilichelewa njiani tu, na Gunia huyu ndiye binadamu pekee katika ukoo ule. Nikamtazama Mama Tuat usoni nikasikia utamu ambao sijausikia tangu nizaliwe.

“Ahsante, Luc. Mungu akubariki.”

“Miguu ya Nhu inavimba, hawezi kusimama jikoni,” Luc akaendelea, kwa upole ule ule. “Na wewe unapika vizuri. Anapenda supu ya mikunga. Kile kiroshani cha kufulia, ukisogeza mashine pembeni, godoro linaingia. Nimepima.”

Nilimwangalia nione kama anatania. Luc hatanii.

“Unanitaka niwe mpishi? Ndani ya nyumba yangu?”

“Ndani ya nyumba, ndiyo.”

“Mpaka lini?”

“Ajifungue kwanza. Mengine tutaona.”

Khiem akanikamata kifundo cha mkono. “Huna haya? Uende ukampikie yule? Ukafue nepi? Afadhali turudi Vinh tukaanze upya.”

“Vinh hatuna hata mlango, Khiem. Uliniuzisha kwa mdomo wako.”

“Mwacheni aende zake,” Mama Tuat alisema, lakini sauti ilikuwa imebadilika, alikuwa anatazama jiko. “Luc, nakuonya mwanangu. Simbamarara akiruka moto wa kuhamia, mle ndani atakufa mtu. Mtoto yumo mle. Mjukuu wangu yumo mle.”

Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumwambia Luc akaoshe miguu ya Nhu mwenyewe. Niliposikia sauti ya Mama Tuat inatetemeka, yale maneno niliyameza.

Miaka yote yule mama alikuwa ananisema, kumbe alikuwa ananiogopa.

Nikautoa mkono wangu mkononi mwa Khiem. Nikavua viatu, nikavipanga vizuri pembeni ya mlango kama mtu anayeingia kwake. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Ndani, nyuma ya bega la Luc, Nhu alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili na ananitazama, na safari hii hakuniita wifi.

“Thoa, nakuomba,” Mama Tuat alisema. Hakuwahi kuniomba kitu.

Nikaruka moto.

Sakafu ilikuwa ya baridi, safi, imefagiliwa. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa sebuleni kama nilivyojua litakavyojaa. Nyuma yangu mlango ulifungwa, na kelele za Mama Tuat zikabaki nje.

“Birika hilo hapo,” Luc akasema. “Anza na chai, ile imepoa.”

Nilipogeuka alikuwa ameinama kwenye kufuli ya mlango, anabadilisha namba za kufungulia. Nikasogea nizione. Akaniangalia kidogo, akasogeza bega, akaziziba.